Mapango ya Kibudha ya India: yalichongwaje, na nani alilipa

Video fupi zinazozunguka kwenye simu zimezaa madai mawili yanayogongana. La kwanza linasema mapango ya Ajanta na Ellora ni ya asili, na watawa wa Kibudha waliyakuta tu wakahamia. La pili linasema hakuna binadamu wa kale aliyeweza kuutoboa mlima namna ile kwa tindo na nyundo, kwa hiyo lazima kulikuwa na mashine zilizopotea, au wageni kutoka sayari nyingine. Madai yote mawili yanapita pembeni ya ushahidi ulio wazi kabisa: yako mapango ambayo hayakumalizika. Yamebaki kama mafundi walivyoyaacha, na ukutani mwake hatua za kazi zinaonekana moja baada ya nyingine.

Tunazungumzia hasa magharibi mwa India, katika jimbo la leo la Maharashtra, ambako ndiko yaliko mengi: Bhaja, Karla, Bedse, Kanheri, Nashik, Junnar, Ajanta na Ellora. Kazi ilianza kama karne ya 2 kabla ya Kristo (KK) na ikaendelea, kwa vipindi vya kusimama na kuanza tena, kwa takribani miaka 900.

Kuna maneno matatu ya kuyajua kabla ya kwenda mbele. Stupa ni mnara mnene wa umbo la kuba, ambao asili yake ni kilima cha kuhifadhia masalia ya Budha. Ndani ya mwamba stupa huchongwa ikiwa jiwe tupu, haina chumba ndani yake. Chaitya ni ukumbi mrefu wa ibada: mlango uko mbele, mwisho wake wa nyuma ni nusu duara, safu za nguzo zinafuata kuta, na stupa imesimama huko nyuma. Waumini huizunguka wakiiweka mkono wa kulia, kinyume cha tawafu ya Makka ambako Kaaba hubaki kushoto. Vihara ni makao ya watawa: baraza mbele, ukumbi wa mraba katikati, na vyumba vidogo vya kulala pande tatu. Chumba kimoja hukaribia mita 2.5 kila upande, mara nyingi kikiwa na kitanda cha jiwe kilichoachwa wakati wa kuchonga. Kwenye vizingiti utakuta matundu ya egemeo za milango ya mbao, ambayo imeoza siku nyingi.

Si kila pango la kale la India ni la Kibudha. Ya kale kuliko yote yako kwenye vilima vya Barabar, jimbo la Bihar, yamechongwa ndani ya graniti katika karne ya 3 KK na kung'arishwa hadi kuta zinaakisi mwanga kama kioo. Maandishi ya mfalme Ashoka yaliyomo humo yanasema aliyatoa kwa Waajivika, dhehebu jingine kabisa. Wabudha waliichukua fani hiyo wakaipeleka magharibi, kwenye mwamba wa aina nyingine.

Kwa nini mwamba

Watawa wa mwanzo walikuwa watu wa kutembea. Sheria yao, hata hivyo, iliwataka watulie mahali pamoja kwa miezi mitatu ya mvua. Mvua hiyo huletwa na upepo uleule ambao mabaharia wa pwani yetu huuita kusi. Baada ya kuyasukuma majahazi kuelekea Arabuni na India, upepo huo hugonga safu ya milima ya Sahyadri, hupanda, hupoa na kumwaga maji kuanzia Juni hadi Septemba. Kibanda cha mianzi na nyasi hakimalizi misimu mingi chini ya mvua ya namna hiyo. Chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba hakihitaji kuezekwa upya.

Wengi hudhani watawa walikwenda milimani kuwakimbia watu. Ramani inasema vingine. Karla, Bhaja na Bedse ziko karibu na njia za kupanda kutoka bandari za pwani kwenda uwanda wa juu wa Deccan. Junnar, yenye mapango ya kuchongwa zaidi ya 200 kwenye vilima vinavyouzunguka mji, iko juu ya njia ya Naneghat. Misafara ya ng'ombe wa mizigo ilipita hapo. Watawa walihitaji chakula cha sadaka kila siku, na wafanyabiashara walihitaji baraka na mahali pa kupumzikia. Umbali uliofaa ni ule wa kuondoka asubuhi na bakuli na kurudi kabla ya saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo mtawa haruhusiwi kula.

Kazi yenyewe

Sahyadri ni matabaka ya lava iliyomwagika na kuganda, moja juu ya jingine, karibu miaka milioni 66 iliyopita. Mwamba wake ni basalti. Ukiutazama kwa mbali, mlima una ngazingazi, na kila ngazi ni mmwagiko mmoja wa lava. Katikati ya tabaka na tabaka pengine kuna ukanda mwekundu wa udongo ulioiva, laini, unaopitisha maji. Fundi mzuri aliutafuta unene wa tabaka moja lisilo na nyufa za kusimama, akaepuka ule ukanda mwekundu usije ukakaa kwenye dari au kwenye vichwa vya nguzo. Hapo ndipo pango linapopona au kufa, kabla hata tindo halijashikwa.

Mtu aliyewahi kumwona fundi wa mtumbwi akichimba gogo ataielewa kazi hii upesi kuliko mhandisi wa majengo. Jahazi huundwa kwa kuongeza ubao juu ya ubao, na ubao mbovu hubadilishwa. Mtumbwi hupatikana kwa kuondoa: ukilipasua gogo, limepasuka, na ukilichimba kupita kiasi, unene haurudi. Mchonga pango naye hakuwa na matofali ya kuongeza. Kila nguzo, kila kitanda na kila stupa ni sehemu ya mlima ambayo mtu aliamua kuiacha.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi uligeuka juu chini. Mjenzi wa kawaida huanza na msingi na kumaliza na paa. Hawa walianza na dari. Kwanza walikata uso wa mlima ukasimama wima, wakapiga mistari ya vipimo, kisha wakafungua tundu juu. Kwenye chaitya ni pale litakapokuwa dirisha kubwa la umbo la kwato ya farasi. Waliingia kwa tundu hilo wakachonga dari na kuimaliza wakiwa wamesimama juu ya mwamba ambao bado haujakatwa. Mwamba wenyewe ulikuwa jukwaa lao. Halafu walishuka hatua kwa hatua, wakiviacha vipande vinene vya kuja kuwa nguzo, na kifusi kikimwagwa nje kwenye bonde. Sakafu ilikuja mwisho.

Mahali pazuri pa kuliona hili ni pango namba 24 la Ajanta, vihara iliyopangwa kuwa kubwa mno na ikaachwa njiani. Humo inaonekana kwamba walichimba vichochoro virefu sambamba kwa sururu zenye ncha kali, kisha wakabomoa kuta zilizobaki kati ya vichochoro, isipokuwa pale ilipotakiwa nguzo. Alama za ncha bado zipo. Zana zilikuwa sururu na tindo za chuma, na nyundo. Basalti hula ncha ya chuma haraka, kwa hiyo kazi ya namna hii haiendi bila mhunzi wa kunoa na kufua zana kila siku. Ukali wa kazi hupungua kadiri inavyokwenda: sururu ya kubomoa, tindo la ncha la kusawazisha, tindo bapa la kumalizia.

Ni mawe kiasi gani? Hesabu haihitaji miujiza. Mita moja ya ujazo ya basalti ina uzito wa takribani tani 2.8. Chumba cha mita 2.5 kwa 2.5 chenye kimo cha mita 2 kinatoa mita za ujazo 12.5, yaani tani 35. Tuseme vihara ina vyumba 12: hizo ni tani 420. Ongeza ukumbi wa mita 10 kwa 10, kimo mita 3, upate tani nyingine 840. Kikosi kinachotoa tani moja tu kwa siku kitafikisha jumla hiyo ya tani 1,260 katika muda wa kama miaka mitano, hata ukiwapa mapumziko ya msimu wa mvua. Ni kazi ndefu na ya kuchosha, lakini haizidi nguvu za watu na chuma.

Makosa yalitokea, na mengine ni makubwa. Pango namba 4 la Ajanta ndilo vihara pana kuliko zote pale. Dari yake iliporomoka kwa sababu mwamba ulikuwa na kasoro ndani yake. Mafundi hawakuweza kubandika dari nyingine, basi walichimba kwenda juu zaidi mpaka wakapata dari mpya, na ukumbi ukabaki na kimo kikubwa kuliko ilivyokusudiwa. Kwenye mapango mengine utakuta nguzo iliyotoka nje ya mstari kidogo au chumba kilichopinda pembe.

Hapa ndipo pa kuizungumzia Kailasa ya Ellora, maana ndiyo inayotumika kwenye zile video. Kwanza, si ya Kibudha. Ellora ina mapango makuu 34: namba 1 hadi 12 ni ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, na 30 hadi 34 ya Wajaini. Kailasa ni namba 16, hekalu la Shiva lililochongwa hasa katika karne ya 8 chini ya mfalme Krishna I wa nasaba ya Rashtrakuta. Pili, si pango. Walichimba mitaro mirefu kutoka juu ya mlima kwenda chini, wakaacha bonge la mwamba katikati, kisha wakalichonga likawa hekalu lililo wazi juani. Miaka 18 inayotajwa kila mahali haitoki kwenye maandishi yoyote ya wakati huo, na sehemu za eneo lile ziliendelea kuchongwa katika tawala zilizofuata. Tatu, fani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 900 Kailasa ilipoanza. Anayeitazama peke yake lazima ashangae. Anayeanza Bhaja akaja nayo karne kwa karne anaona mafundi waliokuwa wamerithishana ujuzi kwa vizazi vingi.

Jiwe linaloiga mbao

Chaitya ya Bhaja, ya karne ya 2 KK, inashangaza kwa jambo moja: nguzo zake zimeinamia ndani. Mwamba hauhitaji nguzo ziiname. Zimeinama kwa sababu nyumba za mbao za wakati huo ndivyo zilivyokuwa, miti ikiegemezwa ili kuhimili msukumo wa paa la mviringo. Mafundi walinakili jengo walilolijua. Pale na Karla pia, kwenye dari kuna makombamoyo ya mbao halisi, yamepindwa na kupachikwa kwenye jiwe ambalo halihitaji kushikiliwa na chochote, na sehemu yake imedumu mpaka leo. Karne kadhaa baadaye, kwenye pango namba 19 na 26 za Ajanta, makombamoyo hayo yamekuwa ya jiwe lilelile la dari. Pango namba 10 la Ellora, la karne ya 7 hivi, bado linayachonga, na wenyeji wakaliita pango la seremala.

Hata maandishi yanathibitisha uhusiano huo. Kwenye uso wa chaitya ya Karla imeandikwa kwamba mlango wa jiwe ni kazi ya Sami, mwana wa Venuvasa, fundi seremala.

Karla ndiyo kubwa kuliko zote za aina yake India: urefu wa kama mita 45, upana na kimo vikikaribia mita 14. Mwanga unaingia hasa kwa dirisha la kwato, na kwa kuwa pango linatazama magharibi, jua la alasiri linafika ndani kabisa hadi kwenye stupa. Nguzo za pembeni ziko gizani. Mpango huo ulikusudiwa.

Nani alilipa

Jibu la haraka ni wafalme, na mara nyingi si sahihi. Nguzo za Karla zilitolewa mojamoja na watu tofauti, na majina yao yamechongwa juu yake. Wamo watawa na wafanyabiashara, wamo watu waliojiita Wayavana, jina walilopewa Wagiriki na watu wa magharibi, na yumo muuza manukato. Huko Junnar, chama cha wauza nafaka kilitoa pango la vyumba saba pamoja na birika la maji. Mtu mmoja alitoa nguzo, mwingine chumba, mwingine birika, kila mmoja kwa uwezo wake.

Hesabu tamu kuliko zote iko Nashik, pango namba 10, karne ya 1 au ya 2 baada ya Kristo. Ushavadata, mkwe wa mtawala Nahapana, alitoa pango, kisha akajiuliza watawa wataishije. Aliweka sarafu 3,000 za kahapana kwa vyama vya wafumaji nguo: 2,000 kwa chama kimoja kwa faida ya asilimia moja kwa mwezi, na 1,000 kwa chama kingine kwa robo tatu ya asilimia. Mtaji haurudishwi kamwe, inaliwa faida tu. Sasa piga hesabu: asilimia moja ya 2,000 ni 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka. Maandishi yanaagiza watawa 20 wanaokaa msimu wa mvua wapewe sarafu 12 kila mmoja kwa ajili ya mavazi. Ishirini mara 12 ni 240, haibaki hata moja. Ule mfuko mwingine ulitoa 90 kwa mwaka kwa matumizi madogomadogo. Kwa msomaji wa pwani hii si jambo geni: ni wakfu kwa maana yake kamili, mali iliyofungwa ili mapato yake yahudumie watu wa ibada.

Ushavadata huyohuyo anataja misaada aliyoitoa Bharukaccha, bandari ambayo leo ni Bharuch. Wagiriki waliiita Barygaza. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 uitwao Periplus unaitaja sana bandari hiyo, na katika kurasa zake nyingine unaieleza Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani pwani yetu. Fedha zilizochonga Nashik na Karla zilitoka kwenye biashara ya bahari hiyo moja.

Wakubwa walikuja kutawala utoaji baadaye. Ajanta ya karne ya 5 ni kazi ya watu wa daraja la juu: pango namba 16 lilitolewa na Varahadeva, waziri wa mfalme Harishena wa nasaba ya Vakataka, na namba 26 na mtawa tajiri aliyeitwa Buddhabhadra. Ndiyo maana mapango ya awamu hiyo yana sanamu na michoro ya fahari, na sanamu ya Budha imewekwa kwenye chumba maalumu nyuma ya ukumbi wa vihara, jambo ambalo zamani halikuwapo. Utegemezi huo ulikuwa na gharama yake. Wachunguzi wanabishana kama awamu hii ilichukua miongo miwili au zaidi, ila wengi wanakubaliana kwamba ufalme ulipoyumba baada ya Harishena, kazi ilikatika. Namba 24, 29 na nyingine zilibaki kama zilivyo.

Maji, lipu na rangi

Adui mkubwa wa pango ni maji. Juu ya uso wa pango zuri utaona mfereji wa kuyakatiza maji yanayoteremka, na ukingo uliotokeza ili matone yaanguke mbele ya baraza yasije yakaingia ndani. Maji hayo hayakupotezwa. Kanheri, ndani ya jiji la leo la Mumbai, kuna zaidi ya mapango ya kuchongwa 100, na mifereji iliyochongwa kwenye mwamba hupeleka mvua kwenye mabirika yenye mdomo mdogo wa mraba na tumbo pana chini. Mdomo mdogo huzuia jua na taka.

Michoro ya Ajanta mara nyingi huitwa fresko. Fresko hupakwa juu ya chokaa mbichi, rangi ikaganda pamoja nayo. Ajanta walifanya vingine. Ukuta uliachwa na makwaruzo ya tindo ili lipu ishike. Lipu ilikuwa udongo uliochanganywa na mchanga, nyuzi za mimea na makapi ya mpunga, ikapakwa chokaa nyembamba juu na kuachwa ikauke. Ndipo rangi ikaja, ikishikizwa kwa gundi. Nyekundu na njano zilitoka kwenye udongo wenye chuma, kijani kwenye udongo wa kijani, nyeusi kwenye masizi. Buluu ilikuwa ya jiwe la lapis lazuli kutoka milima ya Afghanistan. Udhaifu wa njia hii ni kwamba unyevu ukipita nyuma ya lipu, lipu huachia ukuta na kudondoka pamoja na mchoro, na wadudu hula nyuzi na makapi.

Binadamu ameongeza lake. Mwaka 1819 ofisa wa Kiingereza, John Smith, alichora jina lake juu ya mchoro kwenye nguzo ya pango namba 10. Leo liko juu kupita kichwa cha mtu mzima, kwa sababu yeye alisimama juu ya kifusi na matope yaliyojaa humo. Waliomfuata walikuwa na nia njema na madhara makubwa zaidi: walipaka vanishi ili rangi zing'ae wakati wa kunakili, na mafundi wa Kiitaliano walioletwa na serikali ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, miaka ya 1920 wakapaka nyingine ya kuhifadhi. Vanishi hiyo iligeuka njano na kahawia, ikanasa vumbi. Sehemu ya kazi ya wahifadhi tangu hapo imekuwa kuitoa kidogokidogo bila kuing'oa rangi iliyo chini yake.

Nje ya India, mwamba wenyewe uliamua sanaa. Dunhuang nchini China mwamba ni kokoto zilizoshikana, haukubali kuchongwa sura, kwa hiyo sanamu zikafinyangwa kwa udongo na kuta zikapakwa rangi. Bamiyan, Afghanistan, ilikuwa hivyohivyo: sanamu mbili za mita 55 na 38, zilizolipuliwa Machi 2001, zilikatwa kwa umbo la jumla tu, na mikunjo ya nguo ikatengenezwa kwa lipu. Huko China pia, Yungang wana mchangatope (jiwe la mchanga), Longmen wana mawe ya chokaa, na huko sanamu zimechongwa hadi ukucha.

Kwa anayepanga kwenda kuona: Ajanta iko kama kilomita 100 kutoka mji wa Aurangabad, ambao sasa unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, na Ellora kama kilomita 30. Ajanta hufungwa Jumatatu na Ellora Jumanne, kwa hiyo usizipange kinyume. Ukifika Ajanta anza na namba 9 na 10, za kale, kisha 19 na 26, halafu rudi namba 24 ukiwa umeshajua unachotafuta. Mmweko wa kamera hauruhusiwi mbele ya michoro.